Uzi: Grafu ya uchache wao iliwafukuza, grafu ya nukta ikawarudisha (mabinti zetu na sayansi ya kompyuta)

Shangazi_Nukta

Wakuu, habari za Jumapili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, atatukuta.

Niko Lexington, Kentucky. Kwa wasioijua, huku Kiswahili hukikosi: dukani kwenye unga, kanisani, kituo cha basi. Familia nyingi za Wakongo waliopitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda zimeletwa mji huu. Mimi mtu wa Tanga, kazi yangu takwimu, na kila Jumamosi asubuhi najitolea kufundisha mabinti wa miaka 12 hadi 15 kuchora data na kuandika programu. Wengi ni Wakongo, wawili Wasomali, mmoja Mmarekani Mweusi wa hapahapa, mmoja mama yake katoka Meksiko. Kwa hesabu za Wamarekani wote hawa wanaitwa "wachache", na neno hilo ndilo lililoniponza.

Siku ya kwanza nilijipanga kweli kweli. Nikawasha projekta, nikawaonyesha mstari wa asilimia ya wanawake kati ya wanaohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta Marekani. Mwaka 1984 walikuwa kama asilimia 37. Halafu mstari unateremka, unateremka, mpaka miaka ya 2010 ni kama asilimia 18. Mstari wa sheria unapanda, wa udaktari unapanda, huu peke yake umeinamia chini. Nikaongeza na habari za mtihani wa AP wa sayansi ya kompyuta, ule ambao wanafunzi wa sekondari hufanya kujipatia alama za chuo mapema. Mwaka 2013, Mississippi na Montana hakuna msichana hata mmoja aliyeufanya, wala Mweusi, wala Mlatino. Majimbo 11 hayakuwa na mtahiniwa Mweusi hata wa kusingizia.

Nilijiona nimeshusha bomu. Nikasubiri wapandwe hasira, waseme tutaonyeshana. Binti mmoja akanyoosha mkono, akaniuliza kwa upole kabisa: "Anti, kwa hiyo watu kama sisi huko hawaendagi?"

Jumamosi iliyofuata, kumi na mmoja wakawa sita.

Nimelifikiria sana swali lile. Mtu akialikwa harusini, akafika akakuta ukumbi mzima hakuna anayemjua, huwa hasemi "ngoja niende mbele nikajaze pengo". Anatafuta kiti karibu na mlango. Ile grafu ni ya kweli, haina kosa hata moja, na mahali pake ni mezani kwa waziri au mkuu wa chuo, mwenye uwezo wa kubadilisha kitu. Mimi nilimpelekea mtoto wa miaka 13, nikawa kama nimembandikia kibao mlangoni: hapa si kwenu.

Basi nikafunga projekta. Tukarudi kwenye karatasi na kalamu za rangi. Nikawauliza: ni kitu gani unakifanya kila wiki ambacho hakuna mwalimu shuleni kwenu anayekijua? Wakataja kusuka. Wakataja kulea wadogo zao. Mmoja akasema "kutafsiri", chumba kizima kikaangua kicheko, maana kumbe wote. Barua ya umeme, simu ya mwenye nyumba, daktari, kikao cha wazazi, yote yanapita mdomoni mwa binti wa miaka 13.

Tukakubaliana. Kila mmoja na daftari lake dogo, wiki nne. Kila ukitafsiri, nukta moja. Rangi ni mahali: bluu hospitali, nyekundu shule, njano barua na bili, kijani simu. Nukta kubwa ikiwa ilizidi dakika kumi. Hakuna kompyuta.

Nitaendelea, jiko linaniita.

Kaka_Mabibo

Tupo, Shangazi. Usije ukatuacha kwenye mataa kama ule uzi wa bima.

MtuBaki

Mimi sielewi hizi mada. Kompyuta haijui jinsia wala kabila. Anayetaka atasoma, asiyetaka aache. Mbona hatuhesabu wanaume wachache kwenye uuguzi? Tumeletewa siasa za Wazungu humu.

Shangazi_Nukta

Nimerudi. MtuBaki, nitakujibu, ngoja nimalize yangu.

Jumamosi ya tatu niliwapelekea kazi za Du Bois, msomi Mweusi wa Marekani. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya dunia kule Paris, W.E.B. Du Bois na vijana wake wa Chuo Kikuu cha Atlanta walipeleka grafu kama 60 walizochora kwa mkono, kwa wino na rangi, kuhusu maisha ya Weusi wa Marekani, sehemu kubwa zikiwa za jimbo la Georgia. Zitafuteni, Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka wazi mtandaoni. Kuna moja ina mstari mwekundu uliojizungusha kama gamba la konokono, kwa sababu idadi ya Weusi waliokaa vijijini ingenyooshwa isingeenea kwenye karatasi. Kuna nyingine ni kama jabali jeusi lenye utepe mwembamba wa kijani juu yake. Rangi nyeusi ni watumwa, kijani ni walio huru. Mwaka 1860 kijani ni asilimia 11 tu, halafu 1870 jabali linakatika ghafla, kijani tupu mpaka chini.

Waliziangalia kimya. Nilitegemea waulize juu ya utumwa. Yule yule wa "hawaendagi" akauliza: "Hawa waliochora walikuwa wanafunzi?" Nikamwambia ndiyo, wanafunzi na waliomaliza hapo chuoni. Akaomba rula.

Baada ya wiki nne tukawa na nukta zaidi ya mia mbili. Kila mmoja akabuni umbo lake. Kuna aliyeiga konokono, kuna aliyepanga nukta kama shanga shingoni, kuna aliyechora simu kubwa akazimwaga ndani. Na hapa ndipo kompyuta ilipoingia, wala si mimi niliyeiingiza. Binti mmoja alikuwa na nukta arobaini na kitu, akakosea rangi katikati, ikabidi aanze upya. Mara ya pili akakosea tena. Akatupa kalamu: "Anti, hakuna mashine ya kufanya hivi?"

Nikasema ipo. Nikafungua laptopu, nikaandika kitanzi (agizo linalojirudia lenyewe) cha Python, lugha ya kuandikia programu, mistari mitano: kwa kila safu ya daftari, weka nukta, rangi yake hii, ukubwa wake huu. Akabonyeza. Zote zikajaa kioo kwa mpigo mmoja. Sijawahi kuona mtu akielewa kitanzi haraka namna ile, na nimefundisha watu wazima kazini wenye shahada. Alikielewa kwa sababu mkono wake ulikuwa unauma, na kitanzi kilikuwa dawa ya mkono.

Wale watano waliopotea, wanne walirudi. Hakuna aliyewapigia simu. Wenzao waliwaambia shuleni kuwa huku wanachora. Mwishoni tukafanya maonyesho: karatasi zote ukutani, wazazi wakaja, na juisi ikawepo.

Sasa MtuBaki. Hilo la "anayetaka atasoma" lilishajaribiwa likaonekana halitoshi. Chuo cha Harvey Mudd, California, mwaka 2006 wanawake walikuwa kama asilimia 10 ya wanaochukua sayansi ya kompyuta. Rais wa chuo wakati ule alikuwa Maria Klawe, naye ni mtu wa kompyuta. Walibadilisha somo la kuanzia likawa la Python na la kutatua mambo ya kweli, wakatenganisha darasa la waliokwisha kuandika programu tangu wadogo na la wageni, ili wajuaji wasiwameze wengine, na wakawa wanawapeleka wasichana wa mwaka wa kwanza kwenye mkutano mkubwa wa wanawake wa kompyuta. Ndani ya miaka kama sita wakafika asilimia 40. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nao walitoka asilimia 7 mwaka 1995 hadi 42 mwaka 2000. Wasichana wa California hawakubadilishwa damu ndani ya miaka sita, ila somo na mlango wa kuingilia vilibadilishwa. Na uuguzi uhesabiwe pia, mimi sina ugomvi.

MtuBaki

Hiyo ya kutenganisha madarasa nimeielewa. Hata sisi kwenye kozi fulani kulikuwa na jamaa wawili wanajibu kila swali, tuliobaki tukawa watazamaji. Lakini bado nasema neno "wachache" linadhalilisha.

Shangazi_Nukta

Hapo tuko pamoja. Ndiyo maana nimelikunja nikaliweka kando.

Mwalimu_Wastani

Salamu kutoka Nairobi. Shangazi, kazi nzuri, lakini mimi nafundisha takwimu na kuna mahali umeteleza. Kumi na mmoja wakawa sita, unalaumu grafu. Ulikuwa mwezi gani? Kentucky kuna theluji. Huenda basi halikuja. Watu kumi na mmoja si sampuli, ni meza mbili za chai.

Na hili wazo kwamba ukimkumbusha mtu kundi lake linavyodharauliwa anafanya vibaya: lilianza na utafiti wa Steele na Aronson mwaka 1995, wanafunzi Weusi na mtihani. Liliposambazwa kwa wasichana na hesabu, watafiti wengine waliorudia majaribio hawakupata nguvu ile ile. Kwa hiyo lisigeuzwe msahafu. Ningeegemea zaidi kazi ya Sapna Cheryan na wenzake, 2009. Walichukua chumba cha sayansi ya kompyuta, wakaweka mabango ya Star Trek (filamu za anga za juu) na makopo ya soda, halafu wakabadilisha wakaweka picha za mandhari na vitu vya kawaida. Kilichobadilika ni vitu vya chumbani tu, na hamu ya wanawake ya kusoma somo hilo ikapanda. Mtu hakuambiwa neno, alisoma kuta.

Shangazi_Nukta

Mwalimu umenikamata. Ilikuwa Februari, na kweli theluji ilianguka wiki ile. Nakubali siwezi kuapa kuwa ni grafu. Lakini swali la yule binti halikuletwa na theluji. Na hiyo ya kuta ndiyo hasa ninayoisema: ile grafu yangu ya kwanza ilikuwa bango ukutani.

Zuhra_Sinza

Mimi ni msichana wa CS (sayansi ya kompyuta), mwaka wa pili, darasani kwetu wasichana tunahesabika. Niseme kitu tofauti kidogo. Mimi grafu ya ubaya ndiyo iliyonivuta. Niliona jedwali la watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru, 2018, walipopima programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia ya mtu kwa sura. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, programu moja ilikosea mpaka asilimia 34.7. Nikaangalia mkono wangu, nikasema haa, kumbe ni mimi. Nikajaza fomu ya chuo.

Sasa Shangazi utasemaje, mbona mimi sikukimbia?

Shangazi_Nukta

Zuhra mwanangu, swali zuri, nimelilalia usiku mzima. Jibu langu: angalia hiyo grafu imemnyooshea nani kidole. Yangu ilisema "ninyi hampo". Ya Buolamwini inasema "mashine ni mbovu". Aliyefeli kwenye jedwali lile ni mashine, wewe ni shahidi. Tena waliolitengeneza ni wanawake wawili Weusi, mmoja asili yake Ghana, mwingine amezaliwa Ethiopia, kwa hiyo jina la mwandishi nalo ni sehemu ya mchoro. Na wewe ulikuwa mkubwa, karibu na chuo. Wangu wa miaka 12 bado wanauliza ruhusa ya kwenda msalani.

Mfereji_wa_Tandale

Niongezee la Dar. Mwaka 2015 mradi wa ramani wa Ramani Huria ulipoanza, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam (UDSM) walitembea mitaa inayofurika, Tandale na kwingine, na simu na GPS mkononi, kila mfereji, kila kalvati, wakaingiza OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Mimi nilikuwemo. Ukiuliza darasani nani anataka kujifunza mifumo ya kompyuta ya ramani, mikono ni ile ile ya siku zote. Lakini tulipokuwa mtaani, wasichana wa mtaa wenyewe ndio waliotuambia maji hupita wapi, mpaka yanafika goti la nani, kwa sababu wao ndio wanaoyazoa ndani. Wawili walinikalia begani wiki nzima kutaka kujua ule mstari unaingiaje kwenye kioo. Ramani nayo ni mchoro wa data, tusiisahau.

MamaFizi

Mimi ni wa Fizi, Kivu Kusini, niko Iowa. Kiswahili chetu mtakivumilia.

Shangazi, nimesoma yote na moyo wangu haukutulia. Hiyo karatasi ingekuwa ya binti yangu ningekasirika sana. Mimi huwa nakwenda na mtoto kwa daktari kwa sababu sina namna. Anasikia maneno ambayo mtoto hapaswi kusikia juu ya mwili wa mama yake. Hiyo ni aibu yangu naibeba mwenyewe. Sasa umchukue, uhesabu, uweke nukta za bluu ukutani, watu wapite na juisi wakiangalia mama wa fulani ameenda hospitali mara ngapi? Mtoto anajifunza kompyuta, sawa. Na mimi je, nani aliniuliza?

Shangazi_Nukta

Mama, shikamoo. Umegonga penyewe, na sitajitetea.

Siku ya maonyesho mama mmoja alisimama mbele ya karatasi ya bintiye, akahesabu nukta za bluu kwa kidole, moja moja. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akamwuliza: "Na ile ya juzi umeiweka?" Binti akasema hapana, ilikuwa nje ya wiki nne. Wakaondoka. Mimi mjinga niliona ni jambo zuri, mama kajivunia. Usiku ndipo nikajiuliza maswali yako hayo hayo. Sikuwa nimemwomba mzazi hata mmoja.

Jumamosi iliyofuata niliwaambia mabinti nimekosea. Tukakaa kikao. Waliamua wenyewe: rangi za mahali zifutwe, zibaki ukubwa na siku tu, na majina yaondoke. Kila mmoja aende nyumbani, amwonyeshe mama au baba, aombe. Wazazi wawili walikataa, karatasi zao tulizishusha. Binti mmoja alibadilisha kabisa, akahesabu masaa ya kusukwa, akagundua kuwa dada yake mkubwa anasukwa muda mrefu mara mbili yake, akamfungulia mashtaka mama. Hiyo kesi bado inasikilizwa.

Kwa kweli siku ile walijifunza kuuliza data hii ni ya nani, somo ambalo mimi nililiona kwa mara ya kwanza nikiwa tayari nimeajiriwa.

MamaFizi

Marahaba. Wewe angalau umekubali. Huwa hawakubali.

Kaka_Mabibo

Shangazi, na hao waliobaki hawajawahi kukudanganya na grafu? Mimi nina binti, huyo angeshanitapeli.

Shangazi_Nukta

Hahaha! Mmoja alitaka simu mpya. Akachora mihimili ya gharama: simu yake ya zamani kwa matengenezo, na simu mpya. Mhimili wa zamani umesimama kama mnara wa simu, mpya kama kichuguu. Baba karibu atoe pesa. Nikamwuliza sifuri iko wapi. Akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa ameianzisha mihimili kwenye dola 40 badala ya sifuri, ndiyo maana tofauti ndogo ilionekana kubwa. Tangu hapo kila grafu inayoletwa darasani, wenzake wanapiga kelele "sifuri iko wapi!" hata kabla sijavaa miwani.

Ticha_Kasulu

Habarini. Nipo Kasulu, Kigoma, shule ya msingi. Kompyuta tuna moja, ya mwalimu mkuu, na umeme una tabia zake. Wasichana wangu wakubwa wa darasa la sita na la saba wanasema kompyuta ni ya wavulana, na ukiwauliza wameigusa lini, hawajaigusa. Takwimu kwa picha ipo kwenye muhtasari, huwa tunachora machungwa manne ya kitabuni, basi. Hii ya daftari na nukta naweza kuianzaje bila kalamu za rangi?

Shangazi_Nukta

Ticha, visoda. Nenda kwa muuza soda yeyote, atakupa gunia. Chapa moja, maana moja. Pangeni chini kwenye udongo, uwanja mzima uwe karatasi. Swali lisitoke kwako wala kwenye kitabu, litoke kwao. Na hapo mwanzoni usitaje neno kompyuta. Wakishachoka kuinama, utaniambia.

Mwalimu_Wastani

Na uandike waliokuja na wasiokuja kila siku, Ticha, pamoja na hali ya hewa. Tusije tukabishana na theluji tena.

Ticha_Kasulu

(wiki tatu baadaye)

Narudisha majibu. Swali walilochagua wasichana: nani anachota maji nyumbani kwenu, na madumu mangapi kwa siku. Kisoda chekundu msichana, cheupe mvulana. Kila asubuhi wanapanga kabla ya mstarini. Siku ya kwanza wavulana walikuja kucheka. Siku ya nne mstari mwekundu ulikuwa umefika karibu na mti wa bendera, mweupe umeishia ngazini, wavulana wakaanza kusema data imepikwa. Msichana mmoja wa darasa la sita, ambaye darasani simsikiagi, akawaambia leteni na ninyi madumu yenu tuhesabu. Wawili walileta.

Jumatano mvua ilipiga, visoda vyote vikasombwa hadi bondeni. Wakalia kidogo. Yule msichana akaniuliza kama ile kompyuta ya mwalimu mkuu inaweza kukumbuka visoda hata mvua ikinyesha. Nimezungumza na mwalimu mkuu, katupa Ijumaa saa nane mchana, umeme ukiwepo. Laptopu ina Excel ya zamani. Shangazi, hicho kitanzi chako kinaingia kwenye Excel au natafuta njia nyingine? Waliokuja: wasichana 14 siku ya kwanza, 17 jana. Hali ya hewa: tope.